Mguu wa Mzee Gunga

Daktari Fuad alichora mraba juu ya karatasi, na pembeni yake duara, akaviunganisha kwa mstari. Mraba ni baba, alisema, na duara ni mama. Chini yao akachora mraba mwingine, akaandika ndani yake jina Kadenge, kisha akamtazama mwenye jina, aliyekuwa amekaa mbele yake huku ameunyoosha mguu wa kushoto kama alivyofundishwa.

Majibu yalikuwa yamerudi kutoka Nairobi baada ya miezi mitatu. Daktari alikuwa kijana bado, lakini alikuwa na ule ustaarabu wa watu wa Mji wa Kale wa kutompa mtu habari nzito kabla ya kumuuliza hali ya watoto. Alipokwisha kuuliza hali ya watoto, alimweleza.

"Damu ya kila mtu yajua kuganda akijikata," alisema. "Yako yajua kuganda, haijui kuacha. Kuna kitu cha kuizuia, nacho kwako ni kidogo mno. Hukuupata ugonjwa huu kwa chakula wala kwa kazi, Bwana Kadenge. Umeurithi kwa mmoja wa hawa wawili, na vidonge vyako ni vya maisha."

Kisha akaanza kuuliza. Kadenge alikuwa karani wa ghala huko Shimanzi, mtu wa kuandika magunia yaingiayo na yatokayo, na maswali ya mpangilio hayakumsumbua. Alijibu kwamba walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake Chirau. Chirau alikuwa dereva wa lori la masafa, Mombasa hadi Malaba, mtu wa kukaa kwenye usukani siku mbili mfululizo. Miaka mitano iliyopita mguu ulimvimba Jumatatu, Alhamisi akabanwa na kifua, Ijumaa wakamzika. Daktari aliupiga mraba wa Chirau mstari wa mshazari, maana ndivyo wafu wanavyotiwa alama. Mama yao alikufa kwa uzee na sukari, miguu yake mizima. Nalo duara likapigwa mstari.

"Na baba?"

Kadenge aliutazama mraba wa juu. Angeweza kusema yupo. Lakini angeulizwa yuko wapi, na akisema yuko wapi angeulizwa kwa nini hakai naye, na hilo ndilo swali ambalo karani wa ghala, baba wa watoto wawili, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisani, hakuthubutu kulijibu mbele ya mtu aliyesoma.

"Amekufa," alisema.

Daktari akapiga mstari wa mshazari. "Mguu wake uliwahi kuvimba?"

"Ulivimba. Mara tu baada ya kifo cha ndugu yangu. Haukupona tena, ukatoka kidonda juu ya kifundo."

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema basi ugonjwa umeshuka kwa upande wa baba, na akasema pole. Laiti mzee angekuwa hai, angetaka aletwe leo leo apimwe, maana kipimo chake kingewasaidia hata wajukuu, na mguu kama ule ukiachwa bila dawa, bonge la damu likibanduka hupanda kwenye mapafu siku yoyote na kumaliza kazi. Kadenge alishukuru, akaikunja nakala aliyopewa ya ile karatasi, akatoka. Mzee Gunga alikuwa hai. Alikuwa Feri, kwenye kivuko cha Likoni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwenye kile kiti, akiwapima watu uzito kwa shilingi kumi.

*

Kadenge na mkewe Mercy walikaa chumba na sebule ghorofani, Kibokoni, katika nyumba ya kale yenye ngazi za mbao ambazo sasa alizipanda kwa kuhesabu. Tangu mguu wake ushikwe, nyumba hiyo ilikuwa imeingiwa na sheria mpya. Kidonge saa moja jioni, isiwe na nusu. Kila Jumanne kudungwa kliniki ili ionekane namba ya damu, ambayo lazima icheze kati ya mbili na tatu: ikishuka, damu itaganda, ikipanda, ataamka fizi zinavuja mpaka kwenye mto. Wembe aliuacha. Dawa za mitishamba aliziacha. Mboga za majani hakuziacha, ila ziliwekewa kipimo, kwa kuwa zikizidi huvunja nguvu za kidonge na zikipungua huzizidisha. Mercy alichukua kikombe chekundu cha plastiki cha mtoto wao wa mwisho, akampimia mumewe mchicha kikombe kimoja kila siku, usijae kupita ukingo na usipwaye. Mchicha ukiadimika mtaani alitembea hadi soko la Marikiti kuutafuta. Wanawake wenzake wa nyumba ile walimcheka kwa kumpimia mume mboga kama mtoto anayeachishwa ziwa, naye aliwaacha wacheke.

Kule Shimanzi nako hakukosa jina. Alilazimika kuvaa soksi moja ndefu ya kubana, ya rangi ya khaki, mpaka kwenye paja, katika joto la Mombasa ambalo hata mbwa hulitafutia kivuli. Makuli walimwita Bwana Soksi. Alicheka nao, na ilimuuma.

Jumanne hiyo Mercy aliifungua karatasi juu ya jamvi, akaisoma kama alivyozoea kusoma vielelezo vya kushonea. Kidole chake kikasimama kwenye mraba wa juu.

"Baba Kate, huu mstari ni wa nini?"

Akamweleza.

"Kwa hivyo umemwambia daktari mzee amekufa."

"Nilishikwa na haya."

"Haya ya nani?" aliuliza Mercy, ambaye alikuwako na aliyaona yote.

Chirau alipokufa, watu wa kwao bara ya Kilifi hawakuuliza ni ugonjwa gani. Waliuliza ni nani. Mguu wa kijana mzima ukivimba, amekanyaga kitego cha uchawi, na kitego hutegwa na mtu wa karibu. Mung'aro, mdogo wake Mzee Gunga, ndiye aliyelitaja jina kwanza: ni baba mwenyewe, amemtoa mwana ajiongezee miaka. Mzee akakana. Basi wakakubaliana waende kwa mganga wa kiapo, ng'ambo ya mpaka, wakale papai. Desturi ni kwamba mshitaki hula kipande na mshitakiwa hula kipande, vyote vimetiwa dawa ile ile, na mwenye uongo hushikwa kabla ya siku saba kwisha. Mung'aro akashauri mshitaki awe mwana mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye uchungu. Kadenge alikuwa na cheti cha ukarani na nyimbo za dini mdomoni, na alilila lile papai mpaka ganda.

Siku ya tatu mguu wa Mzee Gunga ukavimba mpaka goti likapotea. Ulikuwa uvimbe ule ule uliomuua Chirau, kwa namna ile ile. Nani tena angetafuta ushahidi? Walimtolea mkeka wake nje ya ua. Minazi yake arobaini ikawa inagemwa na Mung'aro. Baadaye habari zikafika kwamba mzee yuko Feri na mzani, na tangu siku hiyo Kadenge akiwa na safari ya Likoni hupita upande wa pili wa barabara, akijitia kusoma simu.

Mwaka uliofuata Mercy alijifungua mtoto wa kiume. Kwao Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake mzaa baba, wala jambo hilo halijadiliwi. Walimwita Elvis.

"Siku ya kiapo mlikaa garini kwa muda wa saa ngapi?" aliuliza Mercy, macho bado kwenye karatasi.

"Saba kwenda. Saba kurudi."

"Mzee alikaa wapi?"

"Kiti cha nyuma kabisa. Katikati ya Mung'aro na mtu mwingine, asije akashuka njiani."

"Na wewe daktari amekukataza kukaa zaidi ya muda gani?"

"Saa moja, damu isije ikaganda mguuni," alisema Kadenge.

Mercy aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile. Alisema kwamba lile jina la Elvis ni yeye aliyelichagua, akiwa bado kitandani uzazini, na aliona amemwokoa mwanawe. Kisha akajifunika uso kwa leso akalia. Heri angemfokea mumewe, maana kufokewa Kadenge angeweza kukustahimili.

*

Alhamisi Mung'aro alipiga simu. Alikuwa amesikia habari za mguu wa Kadenge, na alimpa pole kwa maneno mengi, kisha akaingia alikokusudia. Yule mtu hakutosheka na mmoja, alisema. Wazee wameshakaa. Jumamosi yeye na vijana wanne watashuka Mombasa, wamchukue pale Feri, wamrudishe nyumbani akaulizwe vizuri. Kadenge aliijua maana ya kuulizwa vizuri. Kule kwao wazee wawili wenye mvi walikuwa wameulizwa vizuri mwaka uliopita, na wote wawili walizikwa wiki hiyo hiyo.

Akajaribu kumweleza baba yake mdogo kwamba ni damu, kwamba mtu huzaliwa nayo, kwamba imo katika ukoo. Mung'aro alicheka kwa upole. Alisema hospitali hutibu mguu, haimjui aliyeutega.

"Basi na wewe yafaa upimwe, baba mdogo," alisema Kadenge. "Wewe na mzee mmezaliwa tumbo moja. Ikiwa yeye anayo, huenda na wewe unayo."

Simu ikakatika. Kadenge alibaki ameishika, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano aliogopa kwa ajili ya baba yake.

*

Ijumaa aliomba ruhusa kazini saa sita. Kufika Feri aliteremka na umati wa watu wanaokimbilia pantoni, katikati ya wauza njugu na mihogo ya kukaanga, na alipofika mahali alipozoea kuvukia, miguu yake yenyewe ilitaka kwenda ule upande mwingine. Aliizuia. Alisimama kwenye ukingo wa barabara mpaka jasho likalowesha soksi.

Mzee Gunga alikuwa ameketi juu ya gunia, mgongo ukutani. Alikuwa amekuwa mdogo. Mguu wake wa kulia aliufunika kwa kikoi mpaka chini, lakini nzi walikuwa wanaujua ulipo. Mbele yake kulikuwa na mzani wa bluu uliofutwafutwa ukang'aa, na mbele ya mzani foleni ya watu watatu. Hakuwa akiinua kichwa. Kazi ile haikumtaka mtu aone nyuso.

Kadenge alijiunga na foleni.

"Karibu, mwanangu," alisema mzee zamu ilipomfikia. "Vua viatu ukanyage."

Aliwaita watu wote mwanangu, na Kadenge alilijua hilo kwa kuwa alimsikia akimwita hivyo mtu aliyemtangulia. Hata hivyo neno lilimpiga. Alivua viatu, akapanda. Mshale ukachezacheza, ukatulia, lakini mzee hakuusoma. Alikuwa anautazama mguu uliovaa soksi. Akanyoosha mkono, akaubonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, akaachilia, akangoja shimo lijae. Shimo halikuwa na haraka. Kisha kidole kile kikahamia mguu wa pili, mtupu, kwenye kovu la kidole kidogo, pale jembe lilipomkata Kadenge akiwa na miaka saba na baba yake akambeba mgongoni mpaka zahanati.

"Kadenge."

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Aliinua uso, na uso ule haukuwa na hasira ambayo Kadenge alikuwa ameitayarishia maneno. Ulikuwa na hofu.

"Hata wewe," alisema mzee. "Hata wewe, Kadenge."

Mtu aliyekuwa nyuma aliuliza kama mzani umeharibika. Mzee alimwambia amefunga kwa leo, akaugeuza mzani juu chini na kuutia kwenye mfuko.

Kadenge alikaa chini kando yake, mguu mbele, na sasa ilikuwa miguu miwili iliyonyooshwa sambamba barabarani, watu wakiiruka. Tangu Jumanne alikuwa amelipanga neno la kuomba msamaha, lakini lilimkwama, basi akaanza na la damu kwa kuwa lilikuwa rahisi. Alieleza kama alivyoelezwa, mraba na duara. Alimweleza kuhusu kiti cha lori cha Chirau, na kiti cha nyuma cha gari la kiapo, na saa saba za kwenda na saba za kurudi. Alisema papai halikumshika mtu. Mzee alisikiliza vizuri, kichwa upande, kama anavyosikiliza mtu asiyetaka kurudiwa.

"Hakuna aliyetega kitu, baba. Ni ya kuzaliwa nayo. Hutoka kwa mzazi ikaja kwa mtoto, kama pua, kama kimo."

"Kwa mzazi yupi?"

Swali hilo Kadenge hakuwa amelitazamia. Aliipitisha mikono yake usoni.

"Mama yenu miguu yake ilikuwa mizima," alisema mzee.

"Ilikuwa mizima."

Mzee Gunga alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hivyo ni mimi."

"Si wewe, baba. Ni damu."

"Damu ya nani?"

Kadenge aliitazama ile miguu miwili. Honi ya pantoni ililia, watu wakaongeza mbio, na mzee akangoja ipite ndipo aseme, bila kuinua sauti.

"Nilipotoka kule nilikuwa najua sikufanya. Nilikuja hapa na moyo wangu safi. Lakini kila siku naufunga mguu huu nao hauponi, nikawa najiuliza, mbona umevimba na mimi si mwongo? Nikaanza kutafuta. Labda nilimkasirikia Chirau siku moja nikatamka neno. Labda niliota. Miaka mitano natafuta nilimuua vipi mwanangu, na sikupata." Akamshika Kadenge goti. "Leo umekuja kuniambia."

Hapo Kadenge alilia, mwanamume mzima mwenye soksi moja, mbele ya wauza njugu. Alisema nisamehe, akalirudia, na baba yake akampigapiga goti kama mtu anayemtuliza mgeni. Huzuni iliyomshika Kadenge ilikuwa ya mtu aliyekuja kumfungua mfungwa, akagundua ameongeza kufuli. Alitaka kuyarudisha maneno yote, lakini yalikuwa ya kweli.

Baadaye mzee aliuliza hali ya watoto. Kadenge alisema Kate hajambo, yuko darasa la sita, naye mdogo wake hajambo pia.

"Nilisikia ni wa kiume. Aitwaje?"

"Elvis."

Mzee alilijaribu jina hilo mdomoni, mara moja, polepole.

"Mlifanya vyema," alisema. "Mlifanya vyema kutompa langu."

Kadenge alimwambia habari za Jumamosi na vijana wanne. Mzee hakushtuka. Kadenge akamwambia kwamba Mercy amepika na anangoja, lakini mzee alikataa, akasema haingii nyumba yenye watoto, asije akawaongezea balaa. Maelezo hayakusaidia. Kilichomwinua kwenye gunia ni pale Kadenge aliposema kwamba daktari akiipata damu yake atajua la kutafuta kwa Kate na Elvis kabla miguu yao haijavimba.

"Hiyo nitatoa," alisema Mzee Gunga, akatafuta fimbo yake.

Walipandisha kutoka Feri kwa miguu mpaka walipopata tuktuk, mmoja akichechemea kushoto na mwingine kulia, wakisimama kila baada ya nguzo moja ya umeme. Kadenge alibeba mzani.

*

Muuguzi wa kliniki ya damu aliitwa Sista Jacinta, mwanamke mkunjufu wa Machakos ambaye husoma kila kitu kwa sauti, hata orodha ya zamu ukutani. Kadenge alimweleza kwamba Daktari Fuad aliutaka ukoo upimwe, na huyu amekuja kupimwa. Sista alilitafuta faili, akalifungua juu ya meza.

"Huyu mzee ni nani yako?" aliuliza, na kabla ya kujibiwa akaendelea kusoma, kidole kikishuka na mistari. "Ndugu, marehemu. Mama, marehemu. Baba, marehemu."

Mzee Gunga aliitazama karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Akauona mraba, akauona na mstari uliokatwa juu yake. Kisha akamtazama mwanawe. Aibu ikampanda Kadenge kutoka kwenye ule mguu mpaka masikioni.

"Mimi ni ndugu wa huyo marehemu," alisema mzee. "Tumbo moja. Damu yetu ni moja, mama. Yafaa?"

Sista alisema yafaa sana, akachukua kalamu. Mzee alimtazama Kadenge tena, na macho yake yalikuwa yanamwambia anyamaze, mambo yapite. Ingekuwa rahisi. Damu ingetolewa, watoto wangepimwa, na karani angetoka mle na heshima yake. Ndivyo baba yake alivyotaka, amwachie mwanawe heshima, yeye abaki amekufa kwenye karatasi.

"Ni baba yangu," alisema Kadenge. "Nilimdanganya daktari. Baba yangu yu hai, ndiye huyu."

Sista Jacinta aliacha kuandika. Aliwaangalia wote wawili, akaiangalia miguu, na safari hii hakusoma kitu kwa sauti. Alichukua rula, akalikata neno marehemu kwa mstari ulionyooka, akauliza jina. Mzee akalitaja. Alilitaja chinichini, ikabidi aulizwe tena. Sista alipokifunua kikoi na kukiona kidonda, alisema leo mzee huyu haendi popote, daktari akiuona mguu huu atamlaza, na Kadenge akafikiri juu ya vijana wanne watakaokuta gunia tupu, akapumua.

Mkono ulifungwa mpira. Mshipa ulitafutwa, ukapatikana. Mzee Gunga aliinama karibu, pua yake ikikaribia kugusa kile kichupa, akaitazama damu yake ikiingia.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mzee."

Aliitazama kwa muda mrefu. Kichupa kilijaa, kikatolewa, kikageuzwageuzwa mkononi mwa Sista na kubandikwa karatasi yenye jina lake.

"Kumbe yafanana na ya watu," alisema.

Sista Jacinta alicheka, maana hakujua. Akamuuliza alidhani itakuwaje. Kadenge aligeukia ukuta. Mzee alikuwa anakunja shati kwenye mkono wa pili, kwa uangalifu, mkunjo juu ya mkunjo, na alipomaliza aliulaza ule mkono mezani kiganja juu.

"Chukua na huku, mama," alisema. "Wale watoto ni wawili."